Bodi Haijafa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wawili watatu wameniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Jumamosi zangu zote zimeishia Kibera na Kawangware, ambako mimi na wenzangu wachache tunawasaidia vijana kuunda vifaa vya kupima moshi na vumbi hewani. Kazi yenyewe nitaieleza siku nyingine kwa urefu. Leo nina dukuduku, na nitalitoa hata kama litawaudhi wale ninaofundisha nao. Mkosaji wa kwanza katika habari hii ni mimi mwenyewe, kwa hiyo asikasirike mtu.

Kuna binti mmoja wa Kawangware, upande wa Gatina, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi. Mwepesi wa kuelewa, mikono yake haitetemeki akishika chombo cha kulehemu. Tulimwazima bodi moja aende nayo nyumbani amalizie kazi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja. Nikampigia simu, akasema ana shughuli nyingi. Wiki ya nne nilikutana na mama yake karibu na stesheni ya 46, naye ndiye aliyeniambia ukweli: binti alikuwa akifua nguo za watu ili apate pesa ya kununua bodi nyingine, maana ile tuliyompa "ameiua". Ameifunga kwa kitambaa na kuificha chini ya godoro, na kila nikipiga simu moyo unamdunda.

Nilimwomba mama ruhusa nikaenda nyumbani kwao jioni hiyo hiyo. Bodi ilikuwa nzima. Niliiflashi upya mbele yake, na kazi haikuchukua hata dakika moja. Yaani mtoto wa watu alifua nguo kwa karibu mwezi mzima kulipia deni ambalo halikuwepo, kwa sababu ya kitu ambacho mimi ningeweza kumfundisha kwa nusu saa.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika kitu hiki: bodi ya mikrokontrola ni kipande cha saketi chenye upana wa vidole viwili hivi, na juu yake kuna chipu ambayo ni kompyuta nzima ndogo. Haina skrini wala kibodi. Inafanya kile inachoambiwa na programu dhibiti unayoiandika ndani yake kwa kebo kutoka kwenye laptopu, na tendo hilo la kuandika ndilo tunaloliita kuflashi. (Najua, kwetu Nairobi kuflashi kulikuwa ni kumpigia mtu simu ikalia mara moja ukakata, ili yeye ndiye apige. Tofauti si kubwa. Hapa pia unaita, na mara nyingi upande wa pili haurudishi simu.)

Bodi tunayotumia ni NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Hatukuichagua kwa kubahatisha. Ndiyo iliyo kwenye muundo wa Sensor.Community, mradi wa raia wa kupima hewa ulioanza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015 kwa jina la luftdaten.info: NodeMCU moja, kipima vumbi cha SDS011 kinachotumia mwale wa leza, na kipima joto na unyevu cha DHT22. Muundo uko wazi, programu iko wazi, na vifaa vinapatikana mjini bila kuagiza nje. Hapa kwetu sensors.AFRICA ya Code for Africa nao wamefuata njia ya vipimo vya bei nafuu. Mtu anayeishi chumba kimoja cha mabati, jiko la makaa likiwa mlangoni na jalala likifuka nyuma ya nyumba, hahitaji kifaa kumwambia kwamba kuna moshi. Anahitaji namba ya kuweka mezani anapokwenda kulalamika, kwa sababu huko ofisini kikohozi cha mtoto hakiandikwi kwenye faili.

Turudi chumbani kwa binti. Alikuwa katikati ya kuflashi, stima ikapotea. Laptopu yake ni ya mtumba, betri ilikufa zamani, kwa hiyo stima ikienda na yenyewe inakwenda. Stima iliporudi alichomeka bodi, taa haikupepesa kama alivyozoea, na alipofungua dirisha la siriali zikamwagika herufi za ovyo: mabano, alama za kuuliza, vijisanduku. Akaogopa, akazima, akalala. Kesho yake akajaribu tena, na safari hii kompyuta haikuiona bodi kabisa. Akahitimisha kwamba ilikuwa mahututi usiku na asubuhi imekata roho.

Sasa angalieni. Hayo ni matatizo mawili tofauti, yote madogo, yaliyopangana moja juu ya jingine yakafanana na kifo.

La kwanza ni stima. Ndani ya ESP8266 kuna programu ndogo ya kuanzishia iliyowekwa kiwandani kwenye kumbukumbu isiyofutika. Wewe huwezi kuifuta hata ukitaka. Programu unayoiandika haikai hapo, inakaa kwenye chipu nyingine ya flashi iliyo pembeni, chini ya kile kifuniko cha bati. Stima ikikatika, kinachoharibika ni maandishi yaliyokuwa yakiandikwa, kama mwalimu aliyeitwa ofisini akiwa amejaza nusu ya ubao. Ubao upo na chaki ipo. Unafuta unaanza tena.

Na zile herufi za ovyo? Hapo ndipo nilipoona aibu hasa. Nilipoichomeka bodi zikatokea tena, naye akaziba mdomo.

"Mwalimu, ndivyo ilivyofanya usiku ule. Nikajua imeshaharibika akili."

ESP8266 ikiwashwa husema maneno machache kwa kasi ya 74880, kasi isiyo ya kawaida. Dirisha letu lilikuwa likisikiliza kwa 115200. Nikabadilisha kasi kwenye menyu, nikabonyeza RST, na ule upuuzi ukageuka maneno yanayosomeka: chipu ikieleza imeamkaje, na kwamba haikupata programu nzima ya kuendesha. Kitu alichodhani ni kukata roho kilikuwa ni bodi ikimwambia shida yake kwa ufasaha kabisa. Mimi niliwafundisha kasi ya 115200 na sikuwahi kutamka nyingine.

La pili lilikuwa kebo. Usiku ule alitumia kebo ya simu ya kaka yake. Asubuhi kaka akaenda nayo kazini, binti akaazima ya jirani. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Ya jirani ilikuwa ya kuchajia tu, haina zile za data. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Taa ya bodi inawaka kwa sababu umeme unafika, na hilo ndilo linalodanganya watu, maana ukiona taa unadhani njia ni nzima. Kompyuta haioni chochote.

Ningekuwa na uwezo ningeweka tangazo kwenye kila kibanda cha Luthuli: kebo kwanza. Kabla hujasakinisha upya chochote, kabla hujaulizia bei ya bodi mpya, chukua kebo ambayo umeshaitumia kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Ikiwa ilipitisha picha, itapitisha programu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kebo tano katika duka moja mjini, nikaambiwa zote ni za data, mbili tu ndizo zilizokuwa za data. Zile tatu sikuzirudisha. Mtaona mbele kwa nini.

Kibera tulipatikana na mambo mengine. Tulikuwa Laini Saba na laptopu sita, zote tumeziwekea Ubuntu 22.04 kutoka flashi diski moja. Ukichomeka bodi, poti ya ttyUSB0 inatokea, kufumba na kufumbua imetoweka. Kebo tulibadilisha. Bodi tulibadilisha. Saa nne ikawa saa sita, na vijana wawili wakaanza kuangalia mlango. Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikasoma kumbukumbu za mfumo kwa dmesg badala ya kukisia. Ilikuwa imeandikwa pale pale: programu iitwayo brltty ilikuwa ikiinyakua bodi kila inapoingia. Brltty inawasaidia wasioona kutumia kompyuta kwa vifaa vya nukta nundu. Katika orodha yake kuna kifaa kinachojitambulisha kwa namba 1a86:7523, na hiyo ndiyo namba ya CH340, chipu ya kutafsiri USB iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Kwa hiyo kompyuta ilidhani imeletewa kifaa cha asiyeona na ikakimbilia kukihudumia. Kosa la ukarimu, ukipenda. Kama hakuna anayeihitaji kwenye mashine hiyo, iondoe. Kama yupo, usiiguse programu yenyewe. Zima mstari mmoja tu wa namba hiyo kwenye kanuni zake za udev. Niliudhika kuona watu wakishauriana "futa tu hiyo takataka". Si takataka kwa anayeitegemea.

Na kama poti inakaa lakini unaambiwa huna ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kisha ingia upya. Hilo halihitaji hadithi.

Niseme kidogo kuhusu vitufe na pini, kwa sababu hapa ndipo watu huanza kuamini uchawi. ESP8266 inapoamka hutazama pini yake ya GPIO0. Ikiikuta iko chini, inajua kuna mtu anataka kuandika na inasubiri. Ikiikuta juu, inaendesha programu iliyopo. Bodi nyingi zina saketi ya kufanya hivyo zenyewe, lakini za bei nafuu nyingine zinasuasua. Ukiona esptool inaita na kuita kisha inachoka kusubiri, shikilia kitufe cha FLASH, bonyeza RST uachie, halafu achia FLASH. Kwenye ESP32 vitufe huandikwa BOOT na EN, na aghalabu inatosha kushikilia BOOT mpaka kuandika kuanze. Kisha chomoa kila waya ulioongeza mwenyewe. GPIO0, GPIO2 na GPIO15, ambazo kwenye NodeMCU zimeandikwa D3, D4 na D8, zote hutazamwa wakati wa kuamka. Kijana mmoja wa Makina alihamisha waya wa DHT22 kwenda D8 kwa sababu "D7 ilikuwa imebanwa", bodi ikagoma kuwaka. Waliochora muundo wa Stuttgart walipeleka SDS011 kwenye D1 na D2, na DHT22 kwenye D7, pini ambazo chipu haizitazami inapoamka. Sisi tulikuwa tumewapa vijana mchoro bila kuwaeleza sababu, na mchoro usio na sababu mtu anaubadilisha akiona vema.

Wenye Arduino Uno, angalieni pini 0 na 1. Ndiyo njia ile ile inayopitisha programu, kwa hiyo ukiwa umefunga kitu hapo kuflashi kutagoma. Na wenye Nano za bei nafuu: ikikataa, jaribu kuchagua butiloda ya zamani kwenye menyu ya prosesa. Ile ya zamani huzungumza kwa 57600, mpya kwa 115200. Tumepoteza saa ngapi kwa hilo, sitaki hata kuhesabu.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Ugomvi wa kwanza ni wa wale wanaosema dawa ya haya yote ni kununua "orijino". Nauliza, orijino ya nini? Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro yake ilitolewa wazi tangu mwanzo ili watu watengeneze za kwao. Kilichokatazwa ni kuiba jina. Anayetengeneza bodi ya mchoro ule na kuiuza kwa jina lake hajamwibia mtu. Na CH340 si chipu bandia. Ni bidhaa halali ya kampuni ya WCH ya Nanjing, yenye jina lake na draiva yake. Bei nafuu na bandia ni mambo mawili.

Bandia ipo, na yaliyotokea mwaka 2014 yanafaa kukumbukwa. FTDI, kampuni ya Glasgow inayotengeneza chipu za kutafsiri USB, ilitoa draiva mpya iliyowafikia watu kupitia masasisho ya Windows. Draiva ile ikikutana na chipu iliyoghushiwa kwa jina la FTDI ilikuwa inabadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri. Baada ya hapo kompyuta haikuitambua tena. Watu walipiga kelele na Oktoba hiyo hiyo draiva ikaondolewa. Naelewa hasira ya kampuni iliyoibiwa jina. Lakini aliyeadhibiwa alikuwa nani? Mwenye kiwanda cha kughushi alikuwa ameshalipwa zamani. Aliyebaki na kifaa kisichoonekana ni mnunuzi wa mwisho, ambaye hakuwa na njia ya kujua kilicho chini ya herufi zile ndogo juu ya chipu. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayekaa naye kila Jumamosi. Kwa hiyo ninawaambia vijana: nunua cha bei nafuu bila aibu, ila soma kilichoandikwa kwenye chipu iliyo karibu na tundu la USB, ujue draiva gani unaihitaji kabla hujamaliza bando kupakua tatu zisizofaa.

(Kuhusu bando: mwalimu yeyote anayewaambia vijana ishirini wa Kibera kila mmoja apakue vifurushi vya ESP kwenye Arduino IDE, ajue amewaomba kila mmoja mamia ya megabaiti. Beba kwenye flashi diski. Folda ya Arduino15 inanakiliwa.)

Ugomvi wa pili ni na wenzangu. Mmoja wao, ambaye namheshimu sana, ananiambia kwamba siku ya kwanza lazima taa ipepese. Kijana abonyeze, taa iwake, apige makofi, arudi wiki ijayo. Ukianza na makosa utawafukuza. Na tusifichane, picha ya kijana anayecheka na taa inayowaka ndiyo wafadhili wanayoipenda.

Sibishi kwamba taa inafurahisha. Lakini mafunzo haya tumeyanakili kutoka mahali ambapo bodi ikigoma mtu anavuta droo na kutoa kebo nyingine. Gatina hakuna droo. Kuna kebo moja ya kaka, na kaka yuko kazini. Kuna laptopu isiyo na betri na stima isiyo na ratiba. Anayefundishwa njia ya mafanikio peke yake, siku mambo yakigoma ana maelezo mamoja tu: mimi ndiye niliyeharibu. Na kwa sababu kitu ni cha kuazima, aibu inageuka deni, na deni linamfanya asirudi. Tuliwahesabu wale walioacha kuja mwaka huu tukasema "hawakuwa na nia". Sasa sina hakika hata kidogo. Wangapi wana bodi nzima chini ya godoro?

Kwa hiyo nimebadilisha somo langu la kwanza. Ninakuja na mfuko wa matatizo. Kebo za kuchajia tu zimo (zile tatu za dukani zimepata kazi). Imo bodi niliyoiflashi nusu nikachomoa kwa makusudi. Nyingine ina waya kwenye D8. Laptopu moja nimemtoa mtumiaji wake kwenye dialout, na nyingine dirisha lake la siriali liko kwenye kasi isiyo sahihi. Kila watu wawili wanapewa kifaa kisichofanya kazi, na sheria ni moja: badilisha kitu kimoja tu, angalia, andika kwenye karatasi, ndipo uguse kingine. Kabla ya kuandika programu yoyote lazima kwanza waiulize chipu jina lake kwa esptool. Ikijibu, njia ni nzima na tatizo liko kwenye programu. Isipojibu, hakuna haja ya kugusa programu. Swali hilo moja linagawa shida yote mara mbili.

Tumefanya hivyo mara mbili, mara moja kila mtaa. Kawangware ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kibera kijana mmoja alisema hakuja kutatua vitendawili akaondoka, na huenda mwenzangu ana hoja kuhusu watu wa aina yake. Bado tunabishana. Tumekubaliana kwamba taa itapepesa, ila saa ya mwisho badala ya saa ya kwanza.

Binti wa Gatina amerudi. Kifaa chake kimening'inia nje ya dirisha la mama yake ndani ya kipande cha bomba la maji, na siku hizi stima ikipotea anachukua kalamu na kuandika saa. Ndiye aliyeniambia niongeze kwenye mfuko kebo ambayo data inapita ukiikunja upande mmoja tu. Nimeitafuta na sijaipata, kila mtu anasema aliitupa.

Jumamosi hii tuko Laini Saba kuanzia saa tatu. Mwenye kebo ya namna hiyo asiitupe, aje nayo.